Pumzi Kwanza: Historia ya Mafunzo ya Huduma ya Kwanza kwa Wazamiaji Waokoaji na Uchaguzi Wake katika Mwambao wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga umejengwa katika uwanda wa juu wa Ufipa, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake, uwanda huo unakatika ghafla na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake upo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki uwanda unateremka tena kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Maporomoko ya Mto Kalambo, yanayoanguka kwa zaidi ya mita 200 katika mpaka wa Tanzania na Zambia, yanaonesha vizuri kuliko ramani yoyote jinsi nchi inavyoshuka mahali hapo. Mkoa wa Rukwa kwa hiyo una maji mengi chini na mji wake mkuu juu. Hospitali ya rufaa ya mkoa na ofisi za serikali zipo juu. Wavuvi wa Kasanga, Wampembe, Kala, Kipili na Kirando wapo chini.

Umbali huo wa wima ndio kiini cha insha hii. Suala linalochunguzwa ni la kihistoria: mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuhuisha moyo na mapafu, ambayo mzamiaji mwokoaji hutakiwa kuwa nayo, yalitokea wapi, yalitungwa kwa ajili ya kifo cha namna gani, na yanafaa kwa kiasi gani mahali ambapo mwathirika hutolewa majini katika usawa mmoja na kutibiwa katika usawa mwingine ulio juu kwa mita 1,000. Hoja inayojengwa ni kwamba mafunzo mengi yanayotolewa leo yalitungwa kwa ajili ya mtu aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo mahali pakavu, tena jirani na gari la wagonjwa. Aliyezama katika Ziwa Tanganyika hafi kifo hicho. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa mafunzo si jambo la kulinganisha vyeti na ada pekee.

Neno "mzamiaji mwokoaji" linatumika hapa kwa mtu anayeingia chini ya maji akiwa na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa ili kumtafuta au kumtoa mwingine. Ni tofauti na mwogeleaji, na ni tofauti na mvuvi anayemvuta mwenzake kwenye mtumbwi, ingawa itaonekana baadaye kwamba tofauti hiyo ya mwisho ina mipaka yake.

2.0 Historia ya Pumzi na Kifua

Huduma ya kwanza kwa aliyeacha kupumua ilianza kwa ajili ya waliozama, si kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. Mwaka 1767 wakazi wa Amsterdam, mji wa mifereji, waliunda chama cha kuwaokoa waliozama. London ilifuata mwaka 1774. Maelekezo ya vyama hivyo yalichanganya busara na vituko. Yaliagiza mwathirika apashwe joto na apuliziwe hewa mdomoni, na papo hapo yakaagiza moshi wa tumbaku uingizwe tumboni mwake kwa njia ya haja kubwa. Moshi uliachwa baadaye. Kwa bahati mbaya kupuliza hewa mdomoni nako kuliachwa, kwa kuwa kulionekana ni jambo lisilo la staha na lenye hatari ya kuambukiza maradhi.

Kwa karibu miaka mia moja, kuanzia katikati ya karne ya 19, nafasi yake ilichukuliwa na mbinu za mikono. Marshall Hall alipendekeza mwaka 1856 mwathirika abingirishwe kutoka kifudifudi hadi ubavu. Silvester, mwaka 1858, alitaka mikono yake iinuliwe juu ya kichwa na kurudishwa kifuani. Mwaka 1903 Edward Schäfer alifundisha kumlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongoni, na mwaka 1932 Holger Nielsen wa Denmark aliongeza kuvuta viwiko vya mwathirika kwenda juu. Mbinu hizi za Schäfer na Nielsen ndizo zilizoingia katika miongozo ya huduma ya kwanza iliyosambazwa na chama cha St John katika himaya ya Uingereza, na kwa hiyo ndizo zilizokuwa elimu rasmi ya zama za Tanganyika chini ya Waingereza. Wote waliotunga mbinu hizo walikuwa na nia njema. Hata hivyo, mwathirika aliyelazwa kifudifudi bila kuinuliwa taya huziba koo kwa ulimi wake mwenyewe, na hewa inayosukumwa mgongoni haina pa kupitia.

Katika miaka ya 1950 James Elam na Peter Safar walionesha nchini Marekani kwamba pumzi ya mwokoaji, ikipulizwa mdomo kwa mdomo huku kichwa cha mwathirika kimeinamishwa nyuma, inatosha kumweka hai. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wote wa Baltimore, walichapisha matokeo yao kuhusu kukandamiza kifua bila kukipasua. Mambo hayo mawili yaliunganishwa, na mwaka huohuo wa 1960 Asmund Laerdal wa Norway alitoa sanamu ya mazoezi ambayo imewafundisha mamilioni ya watu. Ndivyo ulivyozaliwa utaratibu unaojulikana leo duniani kote.

Jambo linalohitaji kusisitizwa ni mwelekeo uliofuata. Katika nchi tajiri chanzo kikuu cha moyo kusimama ghafla ni ugonjwa wa moyo wenyewe. Mtu wa namna hiyo huanguka akiwa na oksijeni ya kutosha katika damu yake. Anachokosa kwa dakika za mwanzo ni msukumo. Utafiti, fedha na miongozo vilielekezwa kwake. Mwaka 2005 uwiano wa makandamizo 30 kwa pumzi 2 ulikubaliwa. Mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kilitangaza kwamba mpita njia asiye na mafunzo anaweza kukandamiza kifua tu bila kupuliza hewa, na mwaka 2010 mpangilio wa mafunzo uligeuzwa ili kifua kitangulie pumzi. Kwa mgonjwa wa moyo uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kwa aliyezama mambo ni kinyume. Moyo wake kwa kawaida ulikuwa mzima. Ulisimama kwa sababu oksijeni iliisha. Kumkandamiza kifua bila kumpa hewa ni kuzungusha damu isiyo na kitu. Watunga miongozo wenyewe walilijua hili: tangazo la mwaka 2008 halikumhusu aliyezama, na mwongozo wa Ulaya unaagiza pumzi 5 za mwanzo kwa aliyezama kabla ya kifua kuguswa. Huko Brazili, daktari David Szpilman, ambaye mwaka 1997 alichapisha uainishaji wa waliozama uliotokana na visa 1,831 vya fukwe za Rio de Janeiro, alionesha baadaye pamoja na wenzake kwamba pumzi zinazotolewa mwathirika akiwa bado majini, pale mwokoaji mwenye ujuzi anapoweza kufanya hivyo, huongeza uwezekano wa kupona. Tatizo ni kwamba katazo dogo lililoandikwa pembeni mwa mwongozo husahaulika, ilhali picha ya mikono miwili juu ya kifua hubaki akilini. Mafunzo mafupi ya ofisini au ya udereva humpa mshiriki picha hiyo. Akipelekwa Kirando, ataitumia.

Kitabu kilichosomwa zaidi na wahudumu wa afya vijijini katika Afrika Mashariki, *Mahali Pasipo na Daktari*, ambacho ni tafsiri ya kazi ya David Werner, hakikuanguka katika mtego huo. Kinafundisha kuanza kupuliza hewa mara moja, hata kabla ya mwathirika kufikishwa nchi kavu. Ni ajabu kiasi kwamba kitabu cha bei nafuu cha miaka ya 1970 kinamfaa mwokoaji wa ziwani kuliko baadhi ya kozi za leo zenye cheti kinachong'aa.

Ipo pia desturi ya kumning'iniza aliyezama kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Wasomi hupenda kuihesabu kuwa ujinga wa wanakijiji. Historia haiwaruhusu. Ulaya ya karne ya 18 iliwabingirisha waliozama juu ya mapipa, na nchini Marekani daktari Henry Heimlich alitetea kuminya tumbo la aliyezama kwa miaka mingi, hadi Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilipoikataa hoja yake mwaka 1994. Maji yanayotoka kwa kuminywa hutoka tumboni zaidi kuliko mapafuni, hupanda kooni na huweza kuingia tena katika njia ya hewa. Zaidi ya hayo, sekunde zinazotumika kuyatoa ni sekunde za pumzi.

3.0 Tiba Iliyopanda Mlima

Kuna kielelezo cha zamani cha uchaguzi wa mafunzo katika mwambao huu. Adrien Atiman, aliyezaliwa katika eneo la Mto Niger na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alikombolewa na wamisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa Algeria na kisha utabibu huko Malta. Kadinali Lavigerie alikuwa ameamua kwamba vijana wa Kiafrika wafundishwe utabibu ili wakaishi miongoni mwa watu watakaowatibu. Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akafanya kazi hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Karema leo ipo Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini kihistoria ni sehemu ya mwambao mmoja na Kirando na Kipili. Ujuzi wake haukuwa wa hali ya juu kwa vipimo vya Ulaya. Ulikuwa hapo ufukweni, usiku na mchana, kwa miaka 67, na hilo ndilo lililoufanya uwe na thamani.

Utawala ulikwenda njia nyingine. Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg, kwa kuwa ziwa lilikuwa barabara yao. Waingereza walipolitwaa mwaka 1916 na kuanza kutawala baada ya vita, makao yalihamia nyanda za juu na hatimaye Sumbawanga, penye baridi na malaria kidogo. Barabara, shule na hospitali vilifuata makao. Hata hospitali ya Kanisa inayobeba jina la Atiman ipo Sumbawanga, juu ya mteremko. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 ulirithi mpangilio huo.

Majini, kazi kubwa ya kwanza ya uokoaji inayokumbukwa katika Ziwa Tanganyika ilihusu chuma. Meli ya Graf von Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi ili isiharibike. Waingereza waliinyanyua tarehe 16 Machi 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo iliyofuata meli hiyo ndiyo iliyounganisha Kasanga na Kigoma, huku abiria wa vijiji visivyo na gati wakiteremshwa katika mitumbwi katikati ya maji. Upigaji mbizi kwa mtungi, ambao kifaa chake cha kisasa kilibuniwa na Cousteau na Gagnan mwaka 1943, uliingia ziwani kwa mlango wa biashara. Mbelgiji Pierre Brichard alianzisha Bujumbura usafirishaji wa samaki wa mapambo, wale samaki wadogo wenye rangi wanaoishi kwenye miamba na ambao hawapatikani kwingine duniani. Wakusanyaji wake walizamia kila siku. Watalii walikuja baadaye kuwatazama samaki haohao, na Kipili ikawa miongoni mwa mahali pa kuzamia. Hivyo mzamiaji wa Ziwa Tanganyika alikuwa kwanza mfanyakazi, kisha mgeni. Mwokoaji alikuja mwisho.

4.0 Ushahidi wa Maziwa Mengine na Bahari

Mwambao wa Ufipa haujapata ajali moja kubwa iliyochunguzwa hadharani kiasi cha kuonesha mzamiaji anaweza nini na hawezi nini. Ushahidi huo unapatikana Ziwa Viktoria na Zanzibar.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Kwa muda ilielea ikiwa imepinduka, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Tundu lilikatwa katika bamba la chini ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiielesha meli ikatoka, nayo ikazama. Wazamiaji waliofuata, wakiwemo wanamaji wa Afrika Kusini, walikuwa na kazi ya kutoa maiti. Septemba 2011 MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi, wazamiaji wa kigeni waliokuja walikuta kina kisichofikika kwa usalama. Katika matukio yote mawili huduma ya kwanza ya mzamiaji haikuwa na wa kupewa.

MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, ilileta tofauti moja. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo aliyekuwa hai ndani ya chumba chenye hewa iliyonaswa. Tukio hilo lilithibitisha kwamba mzamiaji anaweza kumkuta mtu hai, tena baada ya muda ambao wengi wangekuwa wamekata tamaa. Linazua pia swali la kitabibu ambalo halikujadiliwa sana wakati huo: mtu anayepumua hewa iliyogandamizwa chini ya maji, hata kama hajawahi kuvaa mtungi, hunyonya naitrojeni kama mzamiaji, na hatari yake akitolewa hutegemea kina alichokuwapo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika kwanza. Kijana Majaliwa Jackson alipiga makasia hadi kwenye ndege na kusaidia kufungua mlango. Watu 24 walipona na 19 walikufa. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilitaja kuchelewa kwa kikosi cha wanamaji, upungufu wa hewa katika mitungi ya wazamiaji na upungufu wa mafuta ya boti. Serikali iliagiza kijana huyo aingizwe katika mafunzo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Heshima hiyo alistahili. Lakini kwa mtazamo wa historia inafaa kuuliza kwa nini somo lililopatikana lilikuwa kumtoa mvuvi mmoja ufukweni kwenda jeshini, badala ya kulipeleka jeshi ufukweni kuwafundisha wavuvi waliobaki.

5.0 Mteremko kama Ugonjwa

Sehemu hii inahusu jambo ambalo kozi za kimataifa za wazamiaji huligusa kwa aya chache na ambalo kwa Ufipa ndilo kubwa kuliko yote.

Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba maumivu na kupooza kwa watu waliofanya kazi katika hewa iliyogandamizwa kunatokana na mapovu ya naitrojeni yanayotokea damuni mgandamizo unapopungua haraka. Mapema hivyo alipendekeza oksijeni kama tiba. Mwaka 1908 Haldane na wenzake, baada ya kuwafanyia mbuzi majaribio mengi, walitoa majedwali ya kupanda kwa hatua. Majedwali hayo na mengi yaliyoyafuata yalidhani kwamba mzamiaji akifika juu ya maji atakuwa katika usawa wa bahari. Waswisi, ambao maziwa yao yapo milimani, hawakuweza kuridhika na dhana hiyo. Albert Bühlmann wa Zurich alitumia miongo kadhaa kutunga majedwali ya miinuko, nayo yalijaribiwa mwaka 1987 katika Ziwa Titicaca, mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Kwa kipimo cha Titicaca, Ziwa Tanganyika ni la chini. Mgandamizo wa hewa juu yake ni kama asilimia 91 ya ule wa baharini, na hilo lenyewe linatosha kumtaka mzamiaji atumie majedwali ya miinuko. Hatari ya Ufipa, hata hivyo, haipo ziwani. Ipo barabarani. Sumbawanga mgandamizo ni kama asilimia 80 ya ule wa baharini. Yaani anayepanda kutoka Kasanga kupitia Matai, safari ya kilomita zipatazo 110, hupoteza takriban asilimia 12 ya mgandamizo aliokuwa nao ufukweni. Mapovu yaliyo katika mwili wake hupanuka kwa kadiri hiyo. Wazamiaji hushauriwa wasubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 baada ya mizamo mingi, kabla ya kupanda ndege ambayo hewa ya ndani yake inalingana na ya mwinuko wa hadi mita 2,400. Kwa mwili wa mzamiaji, gari linalopanda Ufipa linafanya kazi ileile ya ndege. Tofauti ni kwamba hakuna anayemwuliza abiria wa gari alizamia lini.

Hapo ndipo huduma ya kwanza inapogawanyika. Aliyezama na kuhuishwa anahitaji hospitali, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kushindwa saa kadhaa baadaye, hata kama mwathirika ameketi na kuzungumza. Apelekwe juu, akipewa oksijeni njiani, maana hewa ya juu ni nyepesi na mapafu yake tayari ni dhaifu. Mzamiaji anayelalamika ganzi ya miguu, maumivu ya viungo au kizunguzungu baada ya kutoka majini anapaswa kulazwa, kupewa oksijeni tupu na maji ya kunywa ikiwa ana fahamu, na kutopandishwa mlima ikiwa kuna namna yoyote ya kuliepuka hilo. Wote wawili wametoka maji yaleyale, pengine katika ajali moja. Mmoja anaweza kuwa mwathirika na mwingine mwokoaji wake. Mwenye cheti cha huduma ya kwanza ya kawaida atawapandisha wote wawili kwenye gari moja.

Ni wapi, basi, apelekwe huyo wa pili? Vyumba vya mgandamizo vinavyotibu ugonjwa huu katika Afrika Mashariki vimekuwa pwani, Zanzibar na Mombasa. Njia isiyopanda ni ziwa lenyewe: kwa boti hadi Kigoma, mji ambao uwanja wake wa ndege hauko juu sana ya ziwa, kisha kwa ndege inayoruka chini au ambayo hewa ya ndani yake imewekwa karibu na usawa wa ardhi. Kutoka Kasanga safari hiyo ni ndefu mno, na wakati wa pepo za kusini-mashariki ziwa huchafuka. Kutoka Kipili ni fupi kidogo. Kwa vyovyote vile mgonjwa atakaa saa nyingi akisubiri, na tiba pekee aliyo nayo katika saa hizo ni mtungi wa oksijeni. Mtungi mdogo wa kubebeka, ukitumiwa kwa kasi inayotakiwa, huisha kabla hata gari halijafika Matai. Uamuzi kuhusu idadi ya mitungi ni sehemu ya mafunzo, ingawa huonekana kama suala la ununuzi.

6.0 Uchaguzi wa Mafunzo

Mashirika ya wazamiaji yamejaribu kuziba pengo kati ya huduma ya kwanza ya mitaani na ya majini. Kozi ya mzamiaji mwokoaji ya PADI, shirika lililoanzishwa mwaka 1966, humtaka mwanafunzi awe amepata mafunzo ya kuhuisha moyo na mapafu ndani ya miezi 24. Mtandao wa DAN, ulioanzia katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kufundisha matumizi ya oksijeni kwa wazamiaji walioumia. Kwa upande wa ndani kuna Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1962, ambacho huduma ya kwanza ni kazi yake ya asili.

Kila upande una upungufu wake. Kozi za wazamiaji zinajua oksijeni na mapovu, lakini zimetungwa kwa mtalii mwenye bima, na lugha yake ya kawaida ni Kiingereza. Kozi za Msalaba Mwekundu zinaweza kufundishwa kwa Kiswahili kijijini, lakini ajali ya barabarani ndiyo huchukua nafasi kubwa zaidi katika fikra za washiriki. Muda wa miezi 24 nao unatia shaka: ustadi wa mikono hufifia mapema zaidi ya hapo, na mtu asiyegusa sanamu ya mazoezi kwa mwaka mzima hubaki na cheti pekee.

Kigezo cha kwanza cha kuchagua kozi kwa ajili ya mwambao wa Ufipa hakina budi kuwa mpangilio wa hatua zake. Kozi inayomwanzisha mwanafunzi kwenye kifua, bila kumfanyisha mazoezi ya aliyezama kama tukio la kawaida badala ya tanbihi, haifai, hata ikiwa inatambuliwa kimataifa. Kigezo cha pili ni oksijeni. Cha tatu ni swali la mwinuko, ambalo mkufunzi atalazimika kulitunga mwenyewe kwa kuwa halimo katika vitabu alivyopewa: ufukwe huu uko usawa gani, kituo cha afya cha karibu kipo chini au juu, na nani atampigia simu daktari kabla gari halijaanza kupanda. Kituo cha Afya Kirando kina faida moja ambayo hospitali kubwa ya Sumbawanga haina, nayo ni kwamba kipo usawa wa ziwa.

Linabaki suala la nani afundishwe. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache, nne au tano kwa makadirio ya kawaida. Kikosi kinachotoka Sumbawanga kwenda Kasanga kina kilomita 110 mbele yake. Hata kikiwa na wazamiaji hodari kuliko wote nchini, kitafika kutafuta miili, isipokuwa mtu awe amenaswa penye hewa kama ilivyokuwa Ukara. Pumzi ya kwanza itatolewa na mvuvi wa migebuka aliye na karabai kwenye mtumbwi wa jirani, au haitatolewa. Kwa hiyo fedha ya kumfundisha mzamiaji mmoja kozi kamili ingepaswa kupimwa dhidi ya fedha ya kuwafundisha wavuvi wa mwalo mzima jambo moja tu, yaani kuinamisha kichwa na kupuliza. Mzamiaji bado anahitajika, hasa kwa meli zilizopinduka na kwa wazamiaji wenzake. Lakini akifundishwa peke yake, huku mwalo ukiachwa, atakuwa anamtoa mtu majini na kumkabidhi kwa watakaomning'iniza kichwa chini.

Mafunzo ya mwaloni yana masharti yake. Hayawezi kufanyika usiku wa giza la mwezi, wakati wavuvi wako kazini, wala hayana maana yakifanyika Sumbawanga kwa posho ya siku mbili. Siku za mbalamwezi, mitumbwi inapokuwa imevutwa mchangani na nyavu zinashonwa, ndizo siku ambazo watu wa Kirando, Kipili na Kasanga huwa ufukweni wakiwa na nafasi. Sanamu moja ya mazoezi, mtungi mmoja wa oksijeni na mkufunzi anayerudi kila mwezi vinaweza kuteremka mlima kwa gari lilelile linalopandisha dagaa.